Tawi Lililofungwa Kaniki

Mwezi wa Shaabani uliopita nilimpa mwenzenu, binti wa Mwanahawa, kisu changu kidogo, maana vidole vyangu havikunjiki tena. Ninyi mliobaki na kazi hii ya maua mmeniomba niandike nilivyoifanya. Nimekubali, ila msitazamie maneno ya kupambwa. Shule sikwenda. Nilisoma chuoni mpaka nikahitimu Kurani, na herufi hizi nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo, nina wajukuu tayari. Anayetaka maandishi mazuri akamtafute mwalimu. Mimi Tatu nitaandika habari za mti.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hapa hapa Chumbageni, kwa Bi Kidawa. Alikuwa Mdigo, mwembamba, mkali, na harusi ya mjini bila vikuba vyake ilisemwa mwaka mzima. Kikuba mnakijua, asumini na rehani na mkadi vikafungwa pamoja, bibi harusi akavalishwa. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, haji nyumbani ila mwisho wa mwezi, nami sikutaka kukaa kumngoja. Nikaenda kwa Bi Kidawa asubuhi, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akanipa ungo, akanionyesha asumini kwa kidevu. Nikachuma. Akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Wachuma ua au wachuma bamia?"

Nilikuwa natumia kucha. Ua huchumwa kwa ncha ya kidole kilicholowa maji, kwa sababu kucha huacha doa, na doa lile adhuhuri huwa jeusi. Ungo mzima aliwamwagia kuku mbele ya macho yangu. Kesho yake nikarudi. Hakushangaa wala hakunikaribisha, alinipa ungo ule ule.

Lakini mti aliouthamini kuliko yote ulikuwa mchampa. Wahindi wa mjini waliuita champa. Mjukuu wangu anayesoma kilimo aniambia kitabuni ni jamii ya magnolia. Na iwe hivyo, mti haujali. Ua lake lina rangi ya embe lililoiva, jembamba kama vidole vya mtoto, na moja tu likilala chumbani nyumba nzima yanukia mpaka kesho.

Kwa asili yake ni mti mrefu. Ukipanda mbegu utapata nguzo ya kushindana na minara, nawe utakuwa bibi kizee kabla hujaona ua la kwanza. Nyua zetu si za miti ya namna hiyo. Bi Kidawa hakupanda mbegu. Alichukua tawi la mti ambao umekwisha kuzaa maua, akalifunga huko huko mtini mpaka likaota mizizi, ndipo akalikata na kulipanda. Tawi lile hujidhani tayari ni mti mzima. Linabaki fupi, linatoa maua mapema, na mwanamke akisimama chini yake anafika juu bila kigoda.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Unachagua tawi lenye unene wa kidole gumba, unachuna gome lake kuzunguka, upana wa vidole viwili. Unakwangua mpaka utelezi uishe, maana ukiacha utelezi gome litarudi na wewe utakuwa umepoteza msimu. Hapo unaweka udongo mwekundu uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyolowa, unazungushia kipande cha gunia, na juu ya gunia unafunga kaniki. Bi Kidawa alisisitiza kaniki, nguo nyeusi tii, kwa sababu mizizi haipendi mwanga. Halafu kila alfajiri unamwagia maji kwa kata, polepole, na unasubiri. Daima ufunge matawi mawili, kwani moja hufa. Hakuniambia kwa nini. Hufa tu.

Udongo wetu wa Tanga una mawe ya pwani na chokaa nyingi, mchampa ukiupanda humo majani yanageuka manjano kama ya mgonjwa wa ini. Kwa hiyo tulichimba shimo pana, tukatoa udongo wote, tukajaza mwekundu wa Muheza na majani makavu yaliyooza. Maji ya kisima yana chumvi, tulikinga ya mvua kwenye mapipa. Na watu wakitaka kupaka ukuta chokaa kwa ajili ya Idi, mwambie mwenye nyumba afunike shina kwa mkeka kwanza. Nimeona mchampa uliouawa na Idi.

Mti wa kwanza niliopanda kwa mkono wangu, bila Bi Kidawa kunisimamia, ulikuwa uani kwa Athumani, fundi cherehani, alipomuoa Mwanamvua kutoka Moa. Ua wao ulikuwa mdogo, ukitandika mikeka miwili umekwisha. Nikaupanda pembeni, mbali na ukuta. Mwaka wa pili ukatoa maua machache. Athumani alikuwa na tabia ya kuchomeka ua moja ndani ya kofia yake, basi akipita njiani watu walijua kapita nani kabla hawajamuona. Mimi nilikwenda mara kwa mara kuupunguza. Mchampa hupunguzwa ncha mara tu maua yanapokwisha, si baadaye. Ukichelewa unakata maua ya mwakani bila kujua. Na chini yake usilime. Mizizi yake ni laini, jembe likiigusa mti unanuna miezi.

Athumani alikufa ghafla kwa homa. Hawakujaaliwa mtoto. Mwanamvua akakaa eda mle ndani, kizuka, miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria. Kizuka hajipambi, hajitii manukato, hatoki. Na mchampa ule, bila haya, ukaanza kuchanua kuliko ulivyowahi kuchanua.

Wifi yake alikuwa Rukia, dada wa pekee wa Athumani, mwanamke mwenye sauti. Akanitumia mtu. Nilipofika alikuwa amesimama uani, ameziba pua kwa upindo wa kanga. Akasema mjane gani anakaa eda ndani ya harufu kama bibi harusi, watu wa mtaani wananusa na wanacheka. Akasema mti ule ukatwe leo. Nikamjibu kuwa upepo haumuulizi mtu. Tukaenda kwa Mwalimu Saidi, mwalimu wa chuo cha mtaa, mzee mpole asiyependa kugombanisha watu. Akasema eda haivunjwi na harufu ya mti ambao mtu hakujipaka, lakini ili kuzuia maneno, matumba yachumwe kabla hayajafunguka, na mti usiguswe mpaka eda iishe. Baada ya hapo, mjane akishalipwa fungu lake, nyumba ni ya warithi wengine, Rukia na jamaa zake, na wao walikwisha kupatana kujenga chumba pale uani.

Tulipokuwa tukitoka Rukia alinishika mkono. Hakuwa na ile sauti yake. "Tatu, wewe huelewi," akasema. "Nikiingia mle nanusa kofia ya kaka yangu." Kisha akaniacha njiani.

Basi nikawa naenda kila alfajiri kuchuma matumba. Mwanamvua alikaa nyuma ya dirisha la mbao, mimi uani, tukizungumza bila kuonana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi moja akaniuliza kama kweli wataukata. Nikamwambia wataukata, chumba hakijengwi juu ya shina.

"Nami nitarudi Moa na nini cha Athumani?" akasema.

Kesho yake nilikuja na kisu, makumbi, gunia na kaniki, nikafunga matawi mawili. Mti wenyewe usingehamishika, mchampa mkubwa ukiung'oa umeuzika. Lakini tawi, ikiwa Mungu amependa, lingeota mizizi kabla eda haijaisha. Nilihesabu kwa misimu, si kwa kalenda, nikaona inawezekana kwa shida.

Sasa fikirini mlivyolelewa, halafu mtazame kwa macho ya jirani. Nyumba ya msiba. Mwanamke anaingia uani alfajiri, gizagiza. Mtini yananing'inia mafundo mawili ya kaniki, meusi, yamefungwa kamba na kukazwa. Anayamwagia maji huku midomo ikimcheza. Mimi nilikuwa nasoma Bismillahi na aya ninayoipenda, kama ninavyofanya nikianza kazi yoyote, hata kukuna nazi. Jirani aliyechungulia kwenye ufa wa makuti hakusikia aya. Aliona mganga.

Habari zikamfika Rukia zimekwisha kunenepa. Kwamba Mwanamvua ametundika kago la uganga mtini ili nyumba isichukuliwe. Kwamba pengine kago lile lilikuwapo zamani, na kaka yake hakufa kwa homa. Neno likifika hapo haliko mbali na mauti. Mwanamke anayesemwa amemroga mumewe haolewi tena, haalikwi, akiugua hapati wa kumpa maji. Na Moa si mbali, maneno yangemtangulia.

Ijumaa moja baada ya sala Rukia akaja na Mwalimu Saidi, na mumewe, na wanawake wawili wa mtaa. Mimi niliitwa kutoka sokoni. Nilipoingia, hakuna aliyenikaribisha.

Mwalimu aliniuliza taratibu yale ni nini. Nikamweleza kazi tangu gome hadi kaniki. Mmoja wa wale wanawake akasema tangu lini mti ukavaa kaniki, mti una msiba? Mwingine akacheka, akaacha upesi alipoona hakuna aliyemfuata. Rukia akasema maelezo ameyasikia, anataka yafunguliwe.

Nikawaambia ukweli. Tawi likifunguliwa kabla ya wakati mizizi inayochipua hukauka na tawi hufa. Rukia akajibu kuwa kila mchawi husema dawa yake haifunguliwi. Mwalimu akanitazama kama mtu anayeomba msamaha, akasema, "Bi Tatu, fungua moja."

Nikafungua. Nilikata kamba, nikatoa kaniki, nikafunua gunia. Ndani mlikuwa na makumbi, udongo mwekundu, na tawi. Pale nilipochuna gome kulikuwa na vivimbe vyeupe, vidogo, mfano wa punje za mchele. Mwalimu akainama, akatia kidole kwenye udongo, akanusa. Akasema ni udongo.

Mngedhani yameisha. Rukia aliutazama udongo ule mkononi mwangu, akanyanyua macho mtini. "Na la pili?"

Kila mtu pale alijua uganga huwa haukai kwenye fundo la kwanza. Mimi nilikwisha kushika kisu. Ndipo sauti ya Mwanamvua ikatoka nyuma ya dirisha, ya chini, lakini sote tuliisikia.

"Wifi, uchawi hauoti mizizi. Ngojea nitoke eda, uje ulifungue kwa mkono wako. Ukikuta mizizi, utaniacha niende na tawi langu. Usipokuta, niite unavyotaka mbele ya watu, sitakujibu."

Mwalimu akasema hayo ni maneno ya haki, na akaomba fatiha isomwe. Wakaondoka. Mimi nilibaki nimekaa chini ya mti, nikilitazama fundo la pili. Kwa sababu kitu ambacho Mwanamvua hakukijua, na nilichokijua mimi, ni kwamba matawi hufa. Hufa kwa mikono mizuri na kwa mibaya. Lile la kwanza lilikuwa limeanza kunyauka hata kabla hawajafika mlangoni. Sasa jina la mtu lilikuwa limetundikwa juu ya lililobaki.

Kaskazi ya mwaka ule ilivuma kavu. Mvua hapana, mapipa yakashuka, nikawa nayakwangua maji kama mtu anayekwangua ukoko. Tawi likaanza kupukutisha majani. Kila nikifika nakuta moja chini, au mawili. Nilijizuia nisilibonyeze lile fundo, maana kuna tamaa ya kidole ambayo imeua matawi mengi kuliko jua. Mwanamvua aliniuliza kila asubuhi linaendeleaje. Nikamjibu kila asubuhi, sijui. Hakunilaumu kwa hilo.

Mwishowe nikaenda kwa Bi Kidawa. Alikuwa hatoki tena, macho yamekwisha, analala upande mmoja. Nikamweleza. Akaniuliza neno moja tu, majani yaanguka mabichi au manjano? Nikasema sikutazama.

"Miaka yote hii nimefundisha nini?" akasema. "Jani likianguka bichi, tawi lafa. Likianguka manjano, limezeeka tu, lapisha wenzie. Nenda katazame, usiniletee machozi."

Alfajiri nikaenda na taa ya mkono. Chini palikuwa na jani moja. Nililisogeza karibu na mwanga, nikaligeuza pande zote mbili. Lilikuwa manjano. Nikampelekea Mwanamvua dirishani, nikalipitisha kati ya mbao, nikamwambia rangi yake ina maana gani. Alilipokea.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa. Walimwogesha Mwanamvua, wakamvisha nguo nyeupe mpya, akatoka uani akifinya macho kwa mwanga. Alikuwa amekonda. Akatandikiwa mkeka, akakaa. Shoka lilikuwa tayari limeegemezwa ukutani, na mafundi wa chumba walikuwa nje wakingoja wanawake wamalize.

Rukia akaja moja kwa moja hadi mtini. Nikampa kisu changu. Nikamwambia kamba iko wapi, basi, sikumsaidia. Kamba ikamshinda, akaikata vibaya. Kaniki ikaanguka. Gunia halikuwa na haja ya kufunuliwa. Mizizi ilikuwa imelitoboa na kutoka nje, myeupe, minene, mingine imezunguka na kufunga fundo lenyewe kuliko kamba yangu ilivyofunga.

Mwanamke mmoja akasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Rukia alisimama ameshika lile donge, udongo unamwagikia kangani mwake, hauoni. Kisha akanirudishia kisu, akatoka. Hakumtazama wifi yake, na Mwanamvua hakumwita.

Nilikata tawi chini ya mizizi, nikaliweka ndani ya kikapu, nikafunika kwa gunia lililolowa. Mwanamvua aliondoka nalo mapajani. Mti ulikatwa alasiri ile ile. Sikukaa kuusikiliza.

Mwaka ulipozunguka nikapata safari ya Moa, harusi ya mtu wa kwetu. Nilimwulizia Mwanamvua nikaelekezwa. Alikuwa akiishi nyumba ya nyuma ya kaka yake, na kiwanja chake kilikuwa kama mkeka mmoja, kimezungushiwa makuti kuzuia upepo wa chumvi, kama nilivyomwagiza. Mchampa ulikuwa umesimama pale, kimo cha kifua changu, umetoa ubavuni tawi la unene wa kidole gumba, una maua manne. Maji ya mvua kwenye mtungi. Nilikagua chini, hakukuwa na alama ya jembe.

Na pembeni ya mti, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, alikuwa amekaa Rukia.

Sikumtarajia, na yeye hakunitarajia. Tukasalimiana. Mwanamvua akaniambia kwamba wifi yake amekuja kwa ajili ya hitima ya marehemu, ni siku ya tatu yuko pale. Alisema kama mtu anayesema kuna chai. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za mjini, nani kaolewa, nani kafa, Bi Kidawa kafa. Lile neno la uchawi halikutajwa, na mimi si mtu wa kuchokonoa donda la wenyewe.

Nilipoinuka niage, Rukia akainuka pia. Akasogea mtini, akashika lile tawi la ubavuni, akalinusa ua lake kwa macho yaliyofumbwa. Hakuziba pua.

"Bi Tatu," akasema, "hili lafungika?"

Nikamwambia lafungika.

"Nifungie."

Sikuwa na kaniki. Rukia akaingia ndani, akatoka na ya kwake aliyojifunika njia nzima kutoka Tanga, akachana kipande. Mwanamvua akashika tawi lisiyumbe. Nikachuna gome, nikakwangua, nikaweka udongo na makumbi, na kamba ya mwisho Rukia aliikaza mwenyewe.